Mizani Moja, Makarani Wanne

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo ukizitazama kwa haraka utadhani zinagombana. Ya kwanza yasema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili yasema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ya kwanza yatutaka tuzidishe mikono katika kazi. Ya pili yatuonya kwamba mikono ikizidi bila ya utaratibu, kazi yenyewe huharibika. Msomaji, katika insha hii nataka kukusimulia jinsi mafundi wa kompyuta walivyojikuta kati ya methali hizi mbili, jinsi walivyotafuta njia ya kuzitii zote kwa pamoja, na kwa nini habari hiyo yawahusu watu wa Kisii na Nyamira kama iwahusuvyo watu wa miji mikubwa ya dunia.

Tuanze na jambo uliloliona kwa macho yako. Ikiwa umelelewa pande za Nyansiongo, Kebirigo, Ogembo au Nyamache, wakijua vema kituo cha kununulia majani ya chai. Tangu KTDA ilipoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo wa chai, vituo vya namna hiyo vimekuwa sehemu ya maisha ya vilima vyetu. Mkulima huja na kikapu chake, hungoja zamu yake, majani hupimwa, uzito huandikwa mbele ya nambari yake, kisha majani hupakiwa katika lori yapelekwe kiwandani. Majani ya chai hayana subira. Yakibanana kikapuni kwa saa nyingi hupata joto, hugeuka rangi, na jasho la mchumaji hupotea bure.

Sasa fikiri kituo chenye makarani wanne lakini mizani moja. Wakulima wamepanga foleni ndefu mpaka barabarani, jua linazama, na lori linapiga honi. Karani mmoja anapima huku jasho likimtiririka; watatu wameketi, kalamu mkononi, hawana la kuandika. Je, ukimwajiri karani wa tano foleni itapungua? Haitapungua hata kwa mtu mmoja. Upungufu hauko kwa makarani. Uko kwenye mizani.

Basi ongeza mizani ziwe nne. Hapo kidole kimoja kimepata wenziwe. Walakini waweza kuzuka msiba mwingine. Mkulima mwenye vikapu vitatu aweza kupeleka kimoja mizani ya kwanza, cha pili mizani ya tatu, na cha tatu mizani ya nne. Hesabu yake itaandikwa katika vitabu vitatu, na jioni hapana ajuaye jumla yake mpaka makarani wakutane na kubishana. Hao ndio manahodha wengi. Dawa yake ni rahisi: chukua nambari ya mkulima, uigawanye kwa 4, utazame baki. Ikiwa baki ni 0, aende mizani ya kwanza. Ikiwa 1, ya pili. Ikiwa 2, ya tatu. Ikiwa 3, ya nne. Hivyo wakulima wametawanyika kwa mizani zote, lakini kila mkulima ana mizani yake moja, karani wake mmoja, na kitabu chake kimoja. Ushike mfano huu, msomaji, kwani historia yote nitakayokueleza imo ndani yake.

Kompyuta nayo ina kituo chake cha kupokelea mizigo. Maneno, picha na hesabu zinazosafiri katika mtandao haziendi zikiwa kitu kimoja kizima. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huitwa pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na anwani ya iendako, kama bahasha ya barua. Pakiti zikifika, hupokewa na kifaa kiitwacho kadi ya mtandao, nacho huzipanga foleni katika kumbukumbu ya kompyuta. Kutoka hapo huchukuliwa na kiini, yaani sehemu ile ya kompyuta ifanyayo hesabu. Hicho ndicho karani wetu. Msimamizi wa shughuli zote ni programu kuu iitwayo mfumo wa uendeshaji, kama vile Linux au Windows. Foleni ile ndiyo mizani. Na kwa miaka mingi kadi za kawaida zilikuwa na foleni moja tu ya kupokelea na moja ya kupelekea.

Elimu ya foleni ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1909, wakati boma la serikali ya kikoloni lililowekwa Kisii mwaka 1907 lilikuwa bado changa, Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha uchunguzi wake juu ya simu zinazofika kituoni bila ya miadi. Mwaka 1917 alitoa kanuni za kukadiria ni njia ngapi zatosha ili watu wasingoje kupita kiasi. Swali la Erlang ndilo swali la kituo cha chai, na ndilo swali la kompyuta: wageni wanakuja wakati wautakao wao, je, milango mingapi yawatosha?

Mwanzoni jibu la mafundi wa kompyuta lilikuwa: mmoja. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, alibuni mtandao wa waya ulioitwa Ethernet. Mwaka 1983 kanuni za mtandao huo zilikubaliwa rasmi, na kasi yake ilikuwa megabiti 10 kwa sekunde. Katika kasi hiyo, hata pakiti zikiwa ndogo kadiri kanuni zinavyoruhusu, haziwezi kufika zaidi ya 14,880 hivi katika sekunde moja. Kiini kimoja kilitosha, na foleni moja ilitosha. Kila pakiti ilipofika, kadi ilibisha hodi. Kiini kiliacha kazi yake kwa kitambo kidogo, kikaitika, kikachukua pakiti, kisha kikarudi kazini.

Lakini waya haukukaa na kasi ile. Mwaka 1998 kanuni za gigabiti 1 kwa sekunde zilitolewa, na mwaka 2002 zikaja za gigabiti 10, yaani mara elfu moja ya kasi ya mwaka 1983. Sasa pakiti ndogo zaweza kufika karibu milioni 15 kwa sekunde moja. Gawanya sekunde sehemu bilioni moja. Kila pakiti imepewa sehemu 67 tu kabla ya mwenziwe kuingia. Katika muda huo kiini chenye kasi ya gigahezi 3 hupiga mapigo kama 200. Kwa mapigo hayo hakiwezi kuitika hodi, kusoma anwani, kuchunguza ruhusa na kuikabidhi pakiti kwa mwenyewe. Wageni wamezidi nguvu za mwenye nyumba.

Msiba wa kwanza ulikuwa hodi zenyewe. Fikiri nyumba ambayo wageni hawaishi kubisha: mwenye nyumba hushinda akiitika “karibu, karibu,” asipate nafasi ya kumkaribisha kiti hata mmoja wao. Hivyo ndivyo kompyuta zilivyoanza kuzimia zikiwa macho. Mwaka 2001 mafundi watatu wa Linux, Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov, walieleza njia mpya iliyokuja kuitwa NAPI. Chini ya njia hiyo, kadi hubisha hodi mara moja, kisha hunyamazishwa; kiini huenda chenyewe kwenye foleni na kuchukua pakiti nyingi kwa mkupuo, na foleni ikiisha ndipo kadi hupewa tena ruhusa ya kubisha. Njia hiyo ilileta nafuu kubwa. Lakini nafuu si ponyo: karani alikuwa angali mmoja.

Kwa upande mwingine, watengenezaji wa viini walikuwa wamefika ukingoni. Kiini kimoja kikiharakishwa zaidi kilipata joto lisilovumilika. Wakaamua kuweka viini viwili katika kipande kimoja, kisha vinne, kisha vingi zaidi. Kampuni ya IBM ilifanya hivyo mwaka 2001, na mwaka 2005 kompyuta za namna hiyo ziliingia katika maduka ya watu wa kawaida. Watu walifurahi, wakidhani kwamba mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Walikuwa wameajiri makarani wanne mbele ya mizani moja. Kiini kimoja kilipokea pakiti zote na kulemewa, vingine vilikaa. Na kila vilipojaribu kuigusa foleni ile moja kwa pamoja, ilibidi foleni ifungwe kwa kufuli ili visiharibiane kazi, na muda mwingi ukapotea katika kungojana kwenye kufuli. Chombo kilikwenda mrama.

Yamkini utauliza: kwa nini pakiti zisigawanywe ovyo tu, hii huku na hii kule? Sababu ni ile ile ya mkulima na vikapu vyake. Pakiti za mazungumzo mamoja zapasa kufika kwa taratibu yake. Pakiti kadhaa za baadaye zikiitangulia ya nne, kanuni za mtandao zaweza kudhani kwamba ya nne imepotea njiani. Huagizwa tena, na mpelekaji hupunguza mwendo. Kwa hiyo kugawa ovyo kwaweza kuifanya kazi iwe ya polepole kuliko kutogawa kabisa. Hapo ndipo methali mbili zilipokutana uso kwa uso, na hapo ndipo mafundi walipofikiri sana.

Suluhisho lao, msomaji, walijua tayari. Ni nambari ya mkulima. Kadi mpya zilitengenezwa zikiwa na foleni nyingi. Kila pakiti ifikapo, kadi husoma anwani ya itokako, anwani ya iendako, na nambari za programu mbili zinazozungumza. Huzifanyia hesabu, na matokeo ya hesabu huchagua foleni. Mazungumzo yale yale hutoa jibu lile lile, kwa hiyo pakiti zake zote huingia foleni moja na kuhudumiwa na kiini kimoja. Mazungumzo mengine huangukia foleni nyingine. Kila foleni ina hodi yake, na hodi hiyo huelekezwa kwa kiini chake. Hesabu inayotumika sana yaitwa kwa jina la Otto Toeplitz, mwanahesabu wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1940, ambaye hakuwahi kuiona kadi ya mtandao. Ndivyo elimu ilivyo: mtu hupanda mti asijue nani atakaa chini ya kivuli chake.

Kampuni ya Microsoft iliiingiza njia hiyo katika Windows kwa nyongeza ya mwaka 2006. Katika Linux, uwezo wa kupeleka pakiti kwa foleni nyingi uliingia katika toleo la Oktoba 2007, na mwaka 2008 David Miller aliupanga upya kutoka msingini, ili kila foleni iwe na kufuli yake badala ya zote kugombania kufuli moja. Mwaka 2010 Tom Herbert wa kampuni ya Google alileta msaada kwa maskini: ikiwa kadi ina foleni moja tu, kiini kimoja kipokee, kisha mfumo wenyewe uwagawie viini vingine kazi iliyobaki kwa hesabu ile ile ya mazungumzo. Ni kama kusema: ikiwa kituo hakiwezi kununua mizani ya pili, mmoja apime na wenziwe waandike. Mwaka 2011 ukaongezwa utaratibu wa kuchagua foleni ya kupelekea kulingana na kiini kinachopeleka.

Katika miaka hiyo hiyo, nasi huku tulikuwa na safari yetu. Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Kenya, na mama wa Keroka akaanza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Nairobi bila ya kumtuma mtu. Walakini njia ya kwenda dunia ya nje ilikuwa bado nyembamba na ghali, kwa maana Kenya ilitegemea setilaiti. Mwaka 2009 kebo mbili za baharini, SEACOM na TEAMS, zilianza kazi Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Nchi kavu nako serikali ilikuwa ikitandaza nyaya za nuru kuelekea makao ya wilaya, katika mradi uitwao NOFBI, na Kisii ikaingia katika njia hiyo.

Tazama basi jinsi kikwazo kinavyohama. Barabara ilipokuwa nyembamba, msongamano ulikuwa barabarani, na hapana aliyeulaumu mlango. Barabara ilipopanuliwa, msongamano ukaja kusimama mlangoni. Mtu asiyejua habari hii hulaumu barabara hata baada ya kupanuliwa, au hununua nyumba mpya ilhali mlango ni ule ule.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu huyo. Katika shule moja niliyofundisha katika nchi hii ya vilima, tulikuwa na kompyuta moja iliyokuwa lango la maabara nzima: ilihifadhi masomo, ikachuja kurasa zisizofaa, na ikawahudumia wanafunzi wote kwa pamoja. Darasa lote lilipoingia, somo lilisimama. Mara nyingi kengele ililia kabla ya picha ya kwanza kutokea, na nikamwona mwanafunzi aliyengoja kipindi kizima akifunga daftari tupu. Tukakata shauri kwamba kompyuta ile ni dhaifu. Zikatumika fedha ambazo wazazi walizichanga kutokana na mauzo ya chai na ndizi, ikanunuliwa nyingine yenye viini vinne. Wiki ya kwanza tuliona kwamba hapana kilichobadilika. Sitasahau aibu niliyoipata mbele ya mzazi mmoja aliyeniuliza kwa upole kama fedha zake zimefanya kazi.

Fundi mmoja kijana alikuja, hakufungua sanduku wala hakuuliza bei ya kitu. Alifungua faili liitwalo interrupts, ambamo Linux huandika idadi ya hodi zilizobishwa kwa kila kiini. Akawaita wanafunzi wasome. Safu ya kiini cha kwanza ilikuwa na mamilioni, na kila tulipotazama ilikuwa imepanda. Safu tatu nyingine, kwa kadi ile ya mtandao, zilikuwa na sifuri. Kisha akatumia amri iitwayo ethtool. Kwa herufi l ndogo ilionyesha kwamba kadi ina uwezo wa foleni nne, lakini imewekwa kwenye moja. Kwa herufi L kubwa akaagiza ziwe nne, sawa na idadi ya viini. Kadi ilikatika kwa kitambo, ikarudi, na safu zote nne zikaanza kupanda. Siku ile somo lilimalizika kabla ya kengele.

Hadithi haikwishia hapo. Baada ya siku chache umeme ulikatika, na ulipourudi, mashine ilikuwa imerudi kwenye foleni yake moja, kwa sababu agizo la namna hiyo hudumu mpaka kompyuta izimwe tu. Ikabidi tuliandike katika taratibu za kuamka kwake, ili lirudiwe kila asubuhi bila ya kukumbushwa. Na jambo moja halikubadilika kamwe: kurasa zilizotoka nje ya shule zilikuja kwa mwendo wa zamani, kwani njia yetu ya kutoka mjini ilikuwa nyembamba vile vile. Masomo yaliyokuwa ndani ndiyo yaliyopata mbio. Kikwazo kilikuwa kimehama tena, nasi sasa tulijua mahali kilipo.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba foleni nyingi ni dawa ya kila ugonjwa. Ikiwa mkulima mmoja ana vikapu mia, vyote vitakwenda mizani yake moja, na mizani jirani hazitamsaidia. Vivyo hivyo mazungumzo mamoja makubwa hubaki katika kiini kimoja. Foleni zikizidi idadi ya viini, hula kumbukumbu bila ya faida. Na kompyuta ndogo ya mtu mmoja, inayopokea barua chache kwa siku, haina haja ya haya yote. Hekima ni kuhesabu kwanza, kisha kugawa. Si kugawa kwa kuwa wengine wamegawa.

Haya ndiyo mafunzo niyaonayo katika historia hii fupi. Kwa zaidi ya miaka mia, tangu Erlang mpaka vijana wetu wa leo, watu wamejifunza tena na tena kwamba nguvu zikiongezwa mahali pasipo na kikwazo hupotea. Karani wa tano si jibu mpaka umeitazama mizani. Ulizalo kwanza lisiwe “Tununue nini?” bali “Ni nani analemewa, na ni nani ameketi?” Swali hilo lafaa kwa kompyuta, lafaa kwa kituo cha chai, na lafaa kwa zahanati yenye wauguzi watatu na dirisha moja la kuandikishia wagonjwa.

Wewe usomaye insha hii huenda kesho ukakabidhiwa mashine ambayo watu elfu wanaingoja: mwenye ada ya mtoto, mwenye mgonjwa, mwenye matokeo ya mtihani. Wao hawataiona foleni. Wataona kungoja tu. Siku hiyo uzikumbuke methali zote mbili. Chawa avunjwe kwa vidole viwili, lakini kila chombo kiwe na nahodha wake mmoja.